Browns wamefungwa tena: kagua hapa kwanza kabla ya kumtukana kwotabeki

Wanaoipenda Cleveland Browns, timu ya futiboli ya Marekani huko Ohio, hulalamika kwa maneno yale yale kila mwaka, tangu Septemba joto likiwa bado lipo hadi Januari theluji inapofunika maegesho ya magari kando ya Ziwa Erie. "Kwotabeki hana kitu." "Kocha aondoke." "Mwenye timu auze." Nimeyasikia kwa wenyeji wa Ohio, nimeyasikia kwa Kiswahili kutoka kwa ndugu zetu Wakongo waliohamia Akron na Cleveland, na kwa jamaa wa Nairobi anayekesha na simu mkononi. Uchungu huo ni wa haki. Timu haijachukua ubingwa tangu 1964 na haijawahi kucheza Super Bowl, fainali ya ligi, hata mara moja. Ila mara nyingi tunafunga bandeji kidoleni wakati jipu liko kwapani.

Tafuta dalili inayofanana na ya kwako. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi, pamoja na ukaguzi unaoweza kuufanya ukiwa umekaa kwenye kochi. Usiruke kwenda chini kwa sababu una hasira.

Kwa mgeni wa mchezo huu: timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza yadi 10. Ikifaulu, inapata manne mengine. Ikishindwa katika matatu ya kwanza, kwa kawaida jaribio la nne huutumia kuupiga mpira mbali na kumwachia mpinzani. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira kila unapoanzishwa na kuamua autupe au ampe mkimbiaji.

Dalili: mashambulizi hayaendi, majaribio matatu tu mpira umeondoka

Hili ndilo lalamiko namba moja, na hapa ndipo tunapokosea zaidi.

Chanzo cha kwanza ni ukuta wa mbele, yaani wale wanaume watano wakubwa wanaosimama kati ya kwotabeki na watu wanaotaka kumwangusha. Kamera inaufuata mpira, kwa hiyo hatuwaoni. Ukaguzi wake ni rahisi: kwa majaribio kumi mfululizo, usiangalie mpira. Watazame hao watano. Mpira ukianzishwa, hesabu kwa sauti ya kawaida: moja, mbili, tatu. Kama jezi ya mpinzani imeshamfikia kwotabeki kabla hujamaliza kusema "tatu", weka alama kwenye karatasi. Ukipata alama nne au tano katika kumi, umeshaupata ugonjwa, na kwotabeki si ugonjwa.

Nilifundishwa hili na mzee mmoja wa Uvira, jirani yetu Akron, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa soka. Tulikuwa sebuleni kwake, msimu wa 2024, vijana wanampigia kelele Deshaun Watson, kwotabeki wetu, kwenye runinga. Mzee akaweka kikombe cha chai chini, akanyoosha kidole kwenye kioo: "Huyu munamulaumu ya nini? Batu batatu bako juu yake!" Tulirudisha picha nyuma. Kweli walikuwa watatu, na mmoja alikuwa amepita bila kuguswa na mtu. Msimu ule Watson aliangushwa mara 33 katika mechi saba tu.

Si jambo jipya. Timu iliporudi uwanjani mwaka 1999 baada ya miaka mitatu bila timu mjini, ilianza kwa kufungwa na Pittsburgh 43-0, na kijana Tim Couch, chaguo la kwanza la drafti nzima (zamu ambazo timu huchagua wachezaji vijana kila mwaka), akaangushwa mara 56 katika msimu wake wa kwanza. Mtu akipigwa chini mara 56 hajifunzi kusoma uwanja. Anajifunza kuogopa.

Utauliza kuhusu Joe Thomas. Kweli, kwenye ukuta wa Browns alikuwa mtu bora wa upande wa kushoto wa kizazi chake. Mpira ulianzishwa mara 10,363 mfululizo naye yuko uwanjani, na 2023 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima. Lakini hakucheza hata mechi moja ya mtoano. Ukuta ni watu watano, na shimo moja linatosha.

Chanzo cha pili ni jaribio la kwanza kupotea. Andika kwenye karatasi ile ile: kila inapofika jaribio la tatu, zimebaki yadi ngapi? Zikiwa mbili au tatu, timu inaweza kukimbia au kutupa, na mpinzani hajui. Zikiwa tisa au kumi na moja, kila mtu uwanjani anajua unatupa, na wakimbilizi wa mpinzani wanaachiwa kama mbwa waliofunguliwa minyororo. Ikiwa karatasi yako imejaa tisa na kumi, lalamika kuhusu mpango wa jaribio la kwanza, ambao ni kazi ya kocha anayeita mashambulizi.

Chanzo cha tatu ni wapokeaji kudondosha pasi au kukimbilia njia isiyo yao. Hili unaliona kwenye marudio tu. Chanzo cha nne, sasa, ni kwotabeki mwenyewe: amepewa sekunde tatu, mwenzake yuko huru, na bado ameukumbatia mpira. Hapo mlaumu kwa haki yako.

Ukitaka kuchimba zaidi, angalia nani anawafundisha hao watano. Bill Callahan, kocha wa ukuta aliyeheshimika sana, aliondoka baada ya msimu wa 2023 kwenda Tennessee kufanya kazi na mwanawe. Habari ile ilipita kimya mjini huku watu wakibishana kuhusu kwotabeki. Kisha Watson akaangushwa zile mara 33.

*Simama hapa:* mchezaji akibaki chini, au akiinuka anayumba, acha kujadili kama "anajifanya". Majeraha ya kichwa ni kazi ya madaktari, na ligi huweka mtaalamu wa neva asiye mwajiriwa wa timu kwenye kila mechi. Kano ya kisigino ya Watson ilikatika Oktoba 2024, na sehemu ya uwanja wa nyumbani ikashangilia akiwa bado chini. Usiwe katika kundi hilo, hata kama humpendi.

Dalili: kila mwaka kwotabeki mpya

Kulikuwa na jezi moja iliyojulikana mjini kote: namba 2 ya Couch, na chini ya jina lake majina ya waliomfuata yamebandikwa kwenye vipande vya utepe, kimoja chini ya kingine, hadi mgongo ukaisha na majina yakaanza kushuka chini ya pindo. Tangu 1999 wameanza mechi makwotabeki zaidi ya 40. Msimu wa 2023 peke yake walikuwa watano.

Chanzo kikubwa ni ofisi isiyotulia. Jimmy Haslam aliinunua timu 2012 kwa takriban dola bilioni moja. Rob Chudzinski alipewa ukocha 2013 na kufutwa baada ya msimu mmoja. Mike Pettine alipata miwili. Freddie Kitchens, 2019, mmoja. Katikati yao Hue Jackson aliachwa hadi 2018 na rekodi ya ushindi 3, vipigo 36 na sare 1. Kwa hiyo si haraka tu. Wengine walikatwa mapema mno na mwingine akachelewa kuondolewa. Kila kocha mpya huja na lugha yake ya mashambulizi, na kwotabeki kijana huanza shule upya.

Ukaguzi: kabla ya kumhukumu kijana, hesabu makocha wakuu aliopitia. Baker Mayfield, chaguo la kwanza la 2018, alikuwa na wanne kabla ya msimu wake wa tatu kwisha: Jackson, Gregg Williams wa muda, Kitchens, kisha Kevin Stefanski. 2021 akacheza akiwa na bega la kushoto lililochanika, tukasema amekwisha. Baadaye akaenda Tampa Bay na kushinda taji la divisheni 2023 na 2024. Hilo bado linaniuma, nalisema wazi.

Chanzo cha pili ni drafti. Fuata mnyororo huu taratibu. Mwaka 2012 Browns walimchukua mkimbiaji Trent Richardson, chaguo la tatu, kisha kwa chaguo la 22 wakamchukua kwotabeki Brandon Weeden akiwa tayari na miaka 28, umri ambao wenzake wako nusu ya kazi. Septemba 2013 wakamuuza Richardson kwa Indianapolis wakapata chaguo la raundi ya kwanza. Chaguo hilo wakalitumia 2014 kupanda ngazi na kumpata Johnny Manziel. Machi 2016 Manziel akaachwa. Mali ya namba tatu ya drafti ikayeyuka mikononi katika miaka minne.

Mtu akikuambia "tuna bahati mbaya", mwonyeshe mnyororo huo. Bahati mbaya ipo, ni chanzo cha tatu: majeraha. Lakini haiko juu ya orodha.

Dalili: tunaongoza, halafu dakika mbili za mwisho tunafungwa

Wazee wa Cleveland wana majina ya maumivu haya. Januari 1987 John Elway wa Denver aliusogeza mpira yadi 98 kwa subira ya kutisha, akasawazisha, na Denver wakashinda 23-20 katika muda wa ziada. Mwaka uliofuata Earnest Byner wa Browns aliudondosha mpira karibu na mstari wa kufungia, Denver wakashinda tena 38-33. Lakini kwa kujifunza, napenda mechi ya karibuni zaidi, 18 Septemba 2022 dhidi ya New York Jets, kwa sababu vyanzo vyote viko ndani yake kwa mpangilio.

Browns wanaongoza 24-17. Zimebaki kama dakika mbili, Jets hawana taimauti (nafasi ya kusimamisha saa) hata moja. Nick Chubb anapokea mpira, anapenya, anafunga. 30-17, uwanja unalipuka. Hapo ndipo kosa la kwanza: usimamizi wa saa. Angeshapata yadi zake kisha akalala chini kabla ya mstari, Browns wangepiga goti hadi saa iishe na Jets wasingeugusa mpira tena. Chubb mwenyewe alikiri baadaye kwamba pengine hakupaswa kufunga. Lakini mkimbiaji akiwa kwenye kasi hafanyi hesabu. Ni benchi linalopaswa kumwambia kabla hajaingia.

Kosa la pili, kiki: pointi ya ziada ilikosa. Kosa la tatu, mawasiliano ya walinzi: Corey Davis akakimbia peke yake, hakuna aliyemfuata, tachidauni (kuufikisha mpira eneo la kufungia) ya yadi 66. Kosa la nne, ule mkwaju mfupi ambao timu iliyofunga huupiga ili kuugombania mpira tena: Jets wakauchukua. Sekunde 22 zikiwa zimebaki, Garrett Wilson akafunga. 31-30. Aliyetupa pasi zile upande wa Jets ni Joe Flacco, ambaye mwaka mmoja baadaye akaja Cleveland akiwa na miaka 38, akashinda mechi nne mfululizo na kuipeleka timu kwenye mtoano.

Ukaguzi ukiwa nyumbani: zikibaki dakika tatu na timu yako inaongoza, tazama vitu viwili tu, saa na idadi ya taimauti za mpinzani. Ukiweza kusema "tusifunge, tulale chini" kabla mpira haujaanzishwa na benchi halijasema, lalamiko lako kwa kocha lina mashiko.

Dalili: "Mwenye timu ana mabilioni, kwa nini hanunui wachezaji?"

Swali hili huulizwa zaidi na sisi tuliolelewa na soka, ambako tajiri humwaga pesa na kununua. Hapa kuna kikomo cha mishahara ambacho kila timu inapewa sawa: dola milioni 255.4 mwaka 2024. Tajiri hawezi kukivuka kwa kumwaga pesa zake tu.

Kwa hiyo mkataba mmoja mbaya unazuia mingine yote. Machi 2022 Browns waliwapa Houston chaguo tatu za raundi ya kwanza na nyingine za chini yake ili kumpata Watson, kisha wakampa mkataba wa miaka mitano, dola milioni 230, zote zikiwa na dhamana. Ili kupata nafasi mwaka hadi mwaka, sehemu ya mshahara iligeuzwa kuwa bonasi na kusambazwa kwenye miaka ya mbele. Ni kama kulipa kodi ya nyumba kwa mkopo: mwezi huu umepumua, lakini deni liko pale pale na limekua.

Ukaguzi: kabla ya kudai mchezaji fulani asajiliwe, angalia nafasi iliyobaki chini ya kikomo, halafu uliza kama chaguo la raundi ya kwanza la mwaka huo bado ni letu. 2022, 2023 na 2024 halikuwa letu. Vijana wa bei nafuu ambao wangejaza ukuta wa mbele walichaguliwa na wengine. Unaona sasa dalili ya kwanza ilikotoka.

*Simama hapa:* kesi ya Watson si hitilafu ya mchezo. Wanawake zaidi ya 20 walimshtaki kwa vitendo vya kingono wakati wa kusingwa. Yeye alikana, majopo mawili ya raia huko Texas hayakumfungulia mashtaka ya jinai, na ligi ilimfungia mechi 11 na kumtoza faini ya dola milioni 5. Kuna mashabiki waliovua jezi siku ile wasirudi tena. Usiwaite wasaliti, wala usijadili madai ya wanawake wale kwa kutumia idadi ya tachidauni.

Dalili: mashabiki wenyewe kwa wenyewe hawaelewani

Ugomvi wa kuihamishia timu kwenye uwanja mpya wa Brook Park, nje kidogo ya jiji, wenye paa, hauhusu baridi tu. Novemba 1995 Art Modell, mwenye timu wa wakati ule, alitangaza anaihamishia timu Baltimore. Katika mechi ya mwisho nyumbani, Desemba ile, watu waling'oa viti wakavitupa uwanjani. Jiji lilipigana likabaki na jina, rangi na historia, na timu ikarudi 1999. Mzee wa miaka sitini akikuambia hataki kusikia neno "kuhama", hata kama ni kilomita chache, anazungumza kutoka mwaka ule. Mwache amalize sentensi yake.

Dalili: Jumapili inaharibu Jumatatu

Kwa walioko Afrika Mashariki chanzo cha kwanza ni usingizi. Mechi ya saa saba mchana Cleveland huanza saa mbili usiku Dar na Nairobi, na wakisharudisha saa nyuma mwezi Novemba, saa tatu. Hiyo unaimudu. Ile ya Jumapili usiku huanza baada ya saa tisa alfajiri. Tazama marudio asubuhi na uzime simu usiku.

Chanzo cha pili ni kamari. Kubeti michezo kuliruhusiwa Ohio tarehe 1 Januari 2023, na tangu hapo nimeona watu wakiumia mara mbili kwa kipigo kimoja. Ukaguzi: je, ungejali mechi hii kama hukuweka pesa? Umeshamficha mke au mume kiasi ulichopoteza? Umeshakopa ili "urudishe"?

*Simama hapa na uite mtaalamu:* jibu likiwa ndiyo kwa mawili ya mwisho, acha kujitibu mwenyewe. Kwa aliye Marekani, 1-800-GAMBLER hupokelewa usiku na mchana. Maumivu ya kifua wakati wa mechi ni 911, si kunywa maji ukasubiri robo ya nne. Ukivunja vitu, ukimwinulia mkono mtu wa nyumbani, au ukianza kuona maisha hayana maana, piga 988 au mwone mshauri wa afya ya akili siku hiyo hiyo. Watoto wakianza kunyamaza kila runinga inapowashwa Jumapili, hiyo pia ni dalili, na ni kubwa kuliko zote zilizo hapo juu.

Dalili: unataka kuhama timu

Sitakuzuia. Mwaka 2017 Browns walifungwa mechi zote 16, na tarehe 6 Januari 2018 maelfu ya mashabiki waliuzunguka uwanja kwenye baridi kali, wakitembea katika umbo la sifuri, huku michango ikienda kwenye benki ya chakula ya jiji. Waliokuwa pale walikuwa na hasira na walikuwa wamekuja, yote mawili kwa pamoja.

Fanya ukaguzi mmoja wa mwisho kabla hujaondoka. Tafuta mechi ya mtoano ya 10 Januari 2021 dhidi ya Pittsburgh, wale wale wa 43-0. Stefanski alikuwa na Korona, akaitazama mechi akiwa nyumbani kwake. Anzisha tangu mpira wa kwanza kabisa: unaanzishwa, unapaa juu ya kichwa cha Ben Roethlisberger, kwotabeki wa Pittsburgh, unadunda kuelekea eneo la kufungia, na Karl Joseph wa Browns anaulalia. Tachidauni, saa imetembea sekunde chache tu. Robo ya kwanza inaisha 28-0, mechi 48-37, ushindi wa kwanza wa mtoano tangu msimu wa 1994. Angalia benchi wakati mpira ule unadunda. Kama hujasogea kwenye kochi, hama.